Ukuta Unaotoka Jasho

Pale kwenye ukumbi wa maonyesho hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Futi, kwa sababu ya ile futi ya chuma ya kujikunja iliyokuwa kiunoni mwake tangu anaingia asubuhi mpaka anatoka. Jina likamganda hata nyumbani. Mumewe, msoma mita za maji, mtu wa maneno machache, alimwita hivyo kwa heshima zote, kama vile ndilo alilopewa na wazazi wake.

Alianza akiwa na miaka ishirini na tisa, kazi yake kuketi mlangoni na kuwaonyesha wageni pa kuacha miavuli na mikoba. Lakini hakuwa mtu wa kukaa akakaa. Alijifunza kupigilia misumari bila kuupasua ukuta, kufunga picha za kusafirishwa, kupokea kazi za wasanii na kuandika kila mkwaruzo uliokuja nao. Alisoma kozi ya jioni mwaka mzima, akapata cheti. Kufikia miaka arobaini na moja alikuwa ametundika maonyesho sitini na manne, na wakurugenzi watano walikuwa wamekuja na kuondoka huku yeye yuko pale pale.

Alichokitaka ni kimoja, na hakukificha: kuwa mwandaaji. Mwandaaji ndiye anayechagua kazi za kuonyeshwa, ndiye anayeamua hii ikae jirani na ile, ndiye anayeandika maelezo ya ukutani. Kila onyesho lilipofunguliwa, jina la mwandaaji liliandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Futi alizibandika herufi hizo kwa mikono yake, moja moja, akizinyoosha kwa kitambaa zisitoe mapovu. Mara sitini na nne alibandika majina ya watu wengine.

Bahati yake ilipoanza kuchungulia, ililetwa na mumewe. Siku moja alirudi kazini akasimulia, kama jambo la kuchekesha, kwamba kwenye nyumba moja alikokwenda kusoma mita amemkuta mama mstaafu ana makaratasi ya wodini yamejaa michoro ya mikono. Futi hakucheka. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni kwa huyo mama.

Mama yule alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mbili. Katika zamu ndefu, akisubiri mzazi afikie wakati wake, alichukua fomu zilizoharibika, akazigeuza upande wa nyuma na kuchora kwa penseli. Alichora mikono iliyokamata chuma cha kitanda. Alichora nyayo, shingo, nyuso zilizogeukia ukutani. Ilikuwa zaidi ya michoro mia mbili, imewekwa ndani ya sanduku la viatu na mfuko wa plastiki. Mwenyewe hakuihesabu kuwa kitu. Alisema alikuwa akichora ili asisinzie.

Mwaka mmoja na nusu Futi alikwenda kwake Jumamosi baada ya Jumamosi. Aliipanga michoro ile, akaandika tarehe zilizokumbukwa, akasikiliza habari za wanawake wale. Mwishoni akaandika andiko la kurasa kumi na moja la kuomba onyesho, akampa Mkurugenzi. Mkurugenzi akaliweka kwenye droo. Ikapita miezi minane.

Katika miezi hiyo ndipo wifi yake alipoingia ukumbini, na aliyemwingiza ni Futi mwenyewe.

Wifi alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe, mshonaji wa mapazia mwenye chumba chake barabarani, mwanamke wa kucheka kwa sauti na kusema lililomjia. Futi alimpenda. Onyesho moja la vyombo vya kioo lilihitaji mapazia meusi, akamwita ashone. Wifi alikuja na cherehani yake, akashona, akatundika, kisha badala ya kwenda zake akasimama kuangalia vile vyombo. Akamwambia Mkurugenzi, bila kuulizwa, kwamba vimepangwa kama glasi za dukani. Akaomba aruhusiwe kusogeza vitatu tu. Alivisogeza. Mkurugenzi akamuuliza alisomea wapi.

Hakuwa amesomea popote. Wiki iliyofuata aliitwa tena, na mwezi uliofuata tena. Kabla mwaka haujafika nusu alikuwa na kazi ya kudumu, na kwa kuwa hapakuwa na meza ya ziada, alipewa nusu ya meza ya Futi. Futi alihamisha faili zake upande mmoja huku akitabasamu. Usiku ule alikwenda kulala mapema. Kulikuwa na kitu kimemkaa kooni kama donge la ugali uliomezwa bila mchuzi, na alijua kabisa kinaitwaje, ila hakutaka kukitaja.

Kisha Mkurugenzi akawaita wote wawili ofisini. Alikuwa na lile andiko la onyesho la Mkunga mkononi, ukurasa wa kwanza wenye jina la aliyeliandika umeshang'oka. Akasema wamepata wazo zuri sana, onyesho litafunguliwa baada ya miezi mitatu, na mwandaaji atakuwa wifi.

"Na wewe Futi utamsaidia," akasema. "Wewe ndiye unayeujua ukumbi huu."

Wifi alimkumbatia palepale. Hakujua wazo lilitoka wapi. Kwa furaha ile ya kweli, akamwambia watafanya kazi pamoja, watakuwa kama pacha. Futi akamgongagonga mgongoni, akiangalia ukutani.

Mumewe alipoambiwa, aliweka kikombe chini. "Mwambie," akasema.

"Nimwambie nini? Kwamba naomba changu?"

"Ndiyo. Kwani si chako?"

Hakumwambia. Kujieleza kwa mdogo wa mumewe, mtu aliyemfundisha jana tu kushika nyundo, aliona ni sawa na kupiga magoti. Tena ndani yake alikuwa na tamaa moja isiyo nzuri: alingoja wifi avurunde. Alikuwa na hakika atavurunda. Onyesho la michoro ya penseli si pazia.

Lakini wifi hakuvurunda, na hapo ndipo kijiba cha roho kilipomshika Futi barabara. Kunyimwa haki aliweza kukuvumilia, alikuwa na mazoea nako. Ila siku wifi alipokuja amebeba kipimo alichokipima hospitalini, kimo cha kitanda cha kujifungulia, akasema michoro yote itundikwe chini, kwenye kimo hicho, ili mgeni ainame kama anavyoinama mkunga, Futi alihisi damu imemwisha mwilini. Miaka kumi na miwili alikuwa ametundika kila kitu sentimita mia moja na hamsini kutoka sakafuni, usawa wa macho, kama kozi ilivyomfundisha. Mwaka mzima na nusu ameishika michoro ile. Halikumjia. Na alijua, papo hapo, kwamba ndivyo inavyotakiwa kuwa.

"Unaonaje, wifi?" yule akauliza.

"Watu wataumwa viuno," Futi akajibu.

Wifi akacheka sana, akidhani ni utani.

Tangu siku hiyo Futi hakuwa na raha. Akimsikia wifi anaongea kwa simu na Mkunga, anakunja karatasi zisizohitaji kukunjwa. Mkunga, ambaye zamani alimwita yeye mwanangu, sasa alimwita wifi mwanangu pia, na Futi akajikuta anahesabu nani ameitwa mara ngapi. Aliona aibu. Mtu mzima mwenye mabinti wawili wa sekondari, anahesabu mapenzi ya bibi wa watu. Aibu haikumpunguzia.

Sasa ule ukumbi ulikuwa na chumba kikubwa chenye kuta nne nyeupe, na ukuta wa kushoto ulikuwa na ugonjwa wake. Ndani yake lilipita bomba la zamani la kuteremsha maji ya paa, na bomba lilikuwa limeoza. Siku za jua ukuta ulikuwa mkavu kama kuta nyingine. Mvua ikinyesha saa kadhaa, ulitoka jasho. Futi alikuwa amewaeleza wakurugenzi wawili, na wote wawili waliupaka rangi. Basi akaamua kuumaliza mwenyewe: kila onyesho aliutundikia vitu vya chuma au vya mbao ngumu, au aliuacha mtupu. Hakuna aliyemuuliza sababu. Siri ya ukuta ule ilikuwa yake peke yake.

Wiki moja kabla ya ufunguzi, wifi alisimama mbele yake na michoro kumi na minne mkononi. Alikuwa ameamua isiwekwe kwenye vioo. Ingebanwa kwa sumaku ndogo juu ya vichwa vya misumari, karatasi tupu, ili mtu aone hata mikunjo ya zile fomu. Aliugusa ukuta kwa kiganja, akaugongagonga.

"Wifi, huu ukuta vipi? Uko sawa?"

Futi alikuwa juu ya ngazi, anarekebisha taa. Alikuwa na muda wa kutosha wa kujibu. Hilo alilikumbuka sana baadaye, kwamba hakushtukizwa wala hakukoroga maneno. Alikaza skrubu mpaka mwisho, akashuka ngazi moja.

"Ukuta ni ukuta," akasema.

Wifi akaanza kutundika.

Ufunguzi ulikuwa Alhamisi mchana, na watu walijaa mpaka barazani. Waliinama, kweli, mmoja mmoja, watu wazima wenye suti na wanawake wenye viatu virefu, wakainama mbele ya ile mikono iliyoshika chuma. Mzee mmoja alipiga goti kabisa na hakuinuka kwa muda. Mkunga aliketishwa katikati, amevaa gauni la kijani, na kila aliyemjia alimwonyesha wifi na kusema huyu ndiye aliyenitoa kwenye sanduku la viatu. Futi alikuwa karibu, amebeba sinia la vinywaji. Mkunga alipomwona akamshika mkono, akamwambia asante kwa msaada. Kwa msaada. Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Mlangoni kulikuwa na jina la wifi, herufi alizozibandika yeye, na hakuna hata moja iliyotoa povu.

Siku tatu jua liliwaka. Mvua ilianza Jumapili jioni, ikanyesha usiku kucha na Jumatatu ikaendelea, na Jumatatu ukumbi hufungwa.

Futi alikuwa nyumbani anapiga pasi. Mumewe alikuwa amekwenda kazini na koti la mvua. Alipiga pasi sare za wasichana, akapiga pasi shuka, akapiga pasi vitambaa vya mezani ambavyo hakuna aliyewahi kuvipiga pasi tangu vinunuliwe. Kila alipodhani mvua inakatika, inaongezeka. Alijiambia si kazi yake, mwandaaji yupo. Alijiambia pengine safari hii bomba halitavuja. Kisha akili ikamletea si ukuta wala wifi, bali mchoro mmoja, wa kichwa cha msichana kimegeukia pembeni, nywele zimeloa jasho na kushikamana na shavu. Alizima pasi. Saa sita mchana alikuwa njiani bila mwavuli, funguo mkononi.

Ukuta ulikuwa umelowa kutoka dari hadi sakafu. Unang'aa. Michoro kumi na minne ilikuwa imejikunja kama majani ya mgomba yaliyobabuliwa, mitatu imeshadondoka. Futi aliitoa yote kwa vidole viwili viwili, akaitandaza juu ya meza kwenye karatasi za kufyonza maji, akaiwekea karatasi nyingine juu, akabadilisha zilizolowa, akabadilisha tena. Mikono yake ilijua la kufanya. Kumi na mmoja alijua itapona. Mitatu iliyodondoka ilikuwa imelala kwenye maji, na wino wa fomu, ule wa upande wa pili wenye majina na vipimo vya damu, ulikuwa umepenya na kuimeza penseli. Mmoja katika hiyo mitatu ulikuwa wa yule msichana. Palibaki sikio na mstari wa shingo.

Hapo mlango ukafunguliwa, wifi akaingia ameloa. Naye alikuwa amekosa utulivu kwa ajili ya mvua, akihofia madirisha. Aliona ukuta, akaona meza, akamwona Futi amepiga magoti kati ya makaratasi. Akafunika mdomo. Kisha akaja akamshika Futi mabegani kwa nyuma, akalia juu ya mgongo wake.

"Umeniokoa," alisema. "Bila wewe ningefanyaje?"

Futi alikuwa amewahi kufikiri hakuna kitu kigumu kuliko kumwona mwenzako anapewa sifa zako. Kumbe kipo. Aliendelea kubadilisha karatasi.

Kesho yake Mkurugenzi alimsifu mbele ya wafanyakazi wote, akamlaumu wifi kwa upole. Wifi hakujitetea. Alisema yeye ndiye aliyeuchagua ukuta na yeye ndiye atakayemwambia Mkunga, akamwomba Futi amsindikize.

Waliketi sebuleni kwa Mkunga, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa. Wifi alifungua kasha akatoa michoro mitatu. Akasema kosa ni lake, hakuuchunguza ukuta, hana la kujitetea. Mkunga akavaa miwani. Alitazama wa kwanza, akatazama wa pili. Wa tatu aliushika muda mrefu.

"Huyu alikuwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Hakutoka wodini. Mtoto alitoka, yeye hakutoka. Kaka yake huja hapa kila mwaka kumwangalia kwenye hii karatasi. Hawana picha yake nyingine."

Wifi alianza kulia. Futi aliona machozi yale yanamdondoka mtu asiye na kosa, na maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Mama, aliniuliza. Aliniuliza kama ukuta uko sawa. Nilijua unatoka jasho, nimejua miaka kumi na miwili. Nikanyamaza."

Mkunga akamgeukia.

"Kwa nini?"

"Wivu," Futi akasema.

Akangoja. Alikuwa amesikia watu wakisema ukweli hukupunguzia mzigo, na mzigo haukupungua hata kidogo. Mkunga alivua miwani. Hakumpa nasaha wala hakumwambia yamepita. Alimwambia, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemwelekeza mgonjwa, atoke nyumbani kwake. Futi akatoka. Wifi alibaki ndani, na Futi alipompita akielekea mlangoni, hakumtazama.

Futi mwenyewe alimweleza Mkurugenzi siku hiyo hiyo, pamoja na habari ya kurasa kumi na moja, na habari hiyo haikumsaidia kitu. Wala hakuitaja ili imsaidie. Mwezi ule ule alimwaga unga, kazi ikamtoka. Mumewe alisikiliza yote mpaka mwisho, akakaa kitako kitandani.

"Ungemwambia siku ile," akasema.

"Najua."

"Yule ni dada yangu."

"Najua."

Hakuhama chumba. Lakini kwa majuma mengi alimwita mama watoto badala ya Futi, na Futi alielewa.

Kumtafuta yule kaka wa msichana kulimchukua Futi miezi miwili. Alikuwa fundi wa kutengeneza viti, na alikwisha ambiwa na Mkunga. Hakufoka. Alimuuliza kama sikio lilibaki, Futi akasema limebaki, yeye akasema basi hilo ni lake, dada yake alikuwa na masikio madogo sana. Akarudi kwenye kazi yake. Futi alisimama kidogo, kisha akaondoka, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kumpa.

Kazi aliipata kwenye maktaba ya mjini, ya kupanga vitabu, kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza. Mwaka wa pili mkuu wa maktaba alilalamika kwamba chumba cha kusomea magazeti hakina uhai, na Futi akasema anaweza kukiwekea onyesho. Aliwakusanya wachora mabango, wale wanaoandika majina ya vinyozi na maduka ya dawa. Alijua kazi zao tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuwaita wasanii. Mara ya kwanza walikuja wanne. Mwaka uliofuata wakaja kumi na tisa. Hakuna aliyekuja na suti. Walikuja wake zao, wateja wao, na wasomaji wa magazeti waliokasirika kuhamishwa viti.

Wifi alikuwa amekwenda mbali kufikia wakati huo. Michoro ya Mkunga ilizungushwa miji sita, na waandaaji wengine walianza kutundika kazi chini, wakisema ndivyo afanyavyo fulani. Kwenye shughuli za ukoo walikutana, yeye na Futi, wakasalimiana vizuri, wakaulizana watoto. Utani wa mawifi haukurudi. Mara moja tu wifi alimwambia, wakiwa wanasuuza vyombo, kwamba alishasoma zile kurasa kumi na moja upya, safari hii akijua ni za nani. Alisema ni nzuri sana. Akakausha mikono akaenda kukaa na wengine.

Asubuhi moja, Futi anakunywa chai kwa mkate, redio ikatangaza mahojiano na wifi. Mumewe alimtazama, mkono wake karibu na kitufe. Futi akatikisa kichwa. Wakasikiliza. Wifi alizungumza vile vile alivyozoea, bila kujipamba, akacheka mara mbili. Mtangazaji akamuuliza kazi hii alifundishwa na nani. Futi akaacha kutafuna. Wifi akasema alijifunza kwa kuangalia watu, na kwa kushona, na mazungumzo yakahamia kwingine.

Lile donge likapanda kooni palepale, jipya kabisa, kama vile miaka haikupita. Futi alilisikia, akalijua, akalimeza na chai.

"Amesema vizuri," akasema.

"Kweli?" mumewe akauliza.

"Amesema vizuri. Inauma, lakini amesema vizuri."

Mumewe alimmiminia kikombe kingine. Futi alikinywa kwa haraka, amesimama, kwa sababu kwenye maktaba walikuwa wanamsubiri wachora mabango wawili ambao tangu jana walikuwa hawasemeshani, kila mmoja anataka bango lake ndilo likae mkabala na mlango, na hakuna mtu mwingine pale maktabani aliyeweza kuongea nao.